Mpango wa miaka 20 wa bustani na viwanja vya michezo vya mji: mwongozo kwa halmashauri

Halmashauri ikisema ina mpango wa bustani, mara nyingi iliyonayo ni michoro ya bustani moja: chemchemi katikati, vitofali vya rangi, bembea tatu na jiwe la msingi lenye jina la mgeni rasmi. Huo ni mradi. Mpango wa miaka 20 unaanza na swali chungu zaidi, yaani ardhi gani ya umma bado ni ya umma, na unaishia kwenye bili ya maji.

Mwongozo huu unawalenga maofisa mipango miji, madiwani, watendaji na kamati za wananchi katika miji na manispaa za Tanzania. Hatua zimefuatana kwa makusudi: ardhi, watu, umbali, matunzo, ndipo ujenzi. Ukianza na ujenzi utajikuta umeweka bembea kwenye kiwanja chenye kesi.

Hatua ya 1: Timu na kalenda

Afisa mipango miji aongoze. Awe na mpima, mwanasheria wa halmashauri, afisa michezo, afisa maendeleo ya jamii, mhandisi na mtu wa idara ya fedha. Huyu wa mwisho asiitwe kuja kusaini tu. Akae tangu kikao cha kwanza, kwa sababu mipango hii hufia kwenye meza yake.

Kazi inachukua miezi 9 hadi 12. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na bajeti hupikwa miezi mingi kabla, kwa hiyo anzeni Januari au Februari ili rasimu yenye gharama iwe mezani kufikia Novemba. Mkikosa dirisha hilo mmepoteza mwaka mzima.

Hatua ya 2: Tafuteni ardhi kwenye makaratasi, kisha mkaitafute kwa miguu

Anzieni masijala. Toeni michoro yote ya mipango miji iliyoidhinishwa, hata ile ya zamani iliyochanika kwenye mikunjo, na mworodheshe kila kipande kilichotengwa kuwa eneo la wazi, bustani, kiwanja cha michezo au ukanda wa kijani. Andikeni namba ya mchoro, kitalu, namba ya kiwanja kama kimepimwa, na ukubwa kwa mita za mraba. Kisha tafuteni mchoro uliofuata wa eneo hilohilo. Si kila eneo la wazi lilivamiwa usiku. Mengine yalifutwa mchana kweupe, kwa mchoro wa marekebisho uliokata viwanja vinne pembeni, baadaye vinne tena, mpaka kilichobaki ni kichochoro.

Uwandani nendeni na mpima, mtendaji wa mtaa na mzee aliyekuwapo kabla ya lami. Mpima atawaonyesha bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, ziko wapi. Mzee atawaeleza ziling'olewa lini, na kwamba gereji ile ilipewa ruhusa ya miezi sita. Fomu ya kila eneo iwe na jina wanalolitumia watu (si lile la mchoro), ukubwa uliopimwa leo, mteremko, maji, choo, umeme, idadi ya miti yenye kivuli, nani analifagia, nani anakusanya fedha hapo na kwa kibali gani. Mstari huo wa mwisho ndio unaojibiwa kwa kusitasita, na ndio wenye habari.

Tahadhari moja kuhusu vipimo. GPS ya simu inaweza kukosea mita 5 bila kukuambia. Kwenye uwanja wa mpira si neno. Kwenye bustani ya mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900, kosa hilo likikufanya usome 35 kwa 35 unapata 1,225, zaidi ya theluthi ya ardhi hewa. Maeneo madogo yapimwe kwa tepu au kifaa cha mpima.

Mkirudi ofisini, gaweni maeneo katika makundi manne:

A. Limepimwa, limesajiliwa kwa jina la halmashauri, halina mtu.
B. Liko wazi, lakini halijapimwa au halina hati.
C. Limekaliwa na vitu vinavyohamishika: vibanda, gereji, maegesho, matofali ya mtu.
D. Limejengwa majengo ya kudumu.

Watu watataka kuanza na D kwa sababu ndilo lenye kelele. Msianze nalo. Kesi ya jengo la kudumu inaweza kuchukua miaka, na wakati mnahangaika mahakamani kundi B linageuka C. Nguvu ya mwaka wa kwanza yote iende B: pimeni, wekeni bikoni, ombeni hati, simamisheni bango lenye namba ya kiwanja na matumizi yake. Mpakani simikeni nguzo fupi za zege kila mita 15 hivi, na katikati yake miti. Ukuta wa matofali ni ghali, na unamficha anayejenga ndani yake.

Kinga inayopita zote ni watu kulitumia eneo. Mwaka 1989 serikali ya Kenya ilitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Mwanamazingira Wangari Maathai na shirika lake la Green Belt Movement walipopaza sauti walisikika kwa sababu walikuwa wanatetea mahali ambapo watu wa Nairobi walikuwa wakienda kupumzika. Kipande chenye majani marefu na chupa zilizovunjika hakimpati mtetezi wa namna hiyo. Kwa hiyo hata kama bustani itajengwa mwaka wa kumi, fyekeni leo na mtie magoli mawili ya miti.

Msisahau kwamba mvamizi anaweza kuwa serikali yenyewe. Ofisi ya kata, zahanati, kituo cha polisi, soko dogo: kila kimoja kina sababu nzuri, na kila kimoja kinaliona eneo la wazi kama kiwanja cha bure. Pelekeni kwenye Baraza la Madiwani azimio la sentensi moja: hakuna eneo la wazi litakalobadilishwa matumizi kabla ya eneo mbadala, lenye ukubwa uleule na linalofikika kwa miguu na watu walewale, kupimwa na kusajiliwa. Neno muhimu hapo ni "kabla".

Hatua ya 3: Nani atakuwa wapi

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka tangu 2012, na wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Mji wa watu 300,000 ukikua kwa kasi hiyo utafika kama 563,000 baada ya miaka 20. Lakini wastani wa mji ni chombo butu. Kata za katikati, ambako nyumba zinageuka maduka, huweza kusimama au hata kupungua, huku za pembezoni zikifura. Fanyeni hesabu kata kwa kata.

Hapo kuna mitego miwili. Kata nyingi ziligawanywa kati ya sensa hizo mbili, kwa hiyo kata inayoonekana kupoteza nusu ya watu huenda imepoteza tu nusu ya mitaa. Unganisheni kwanza vipande kwa mipaka ya 2012. Mtego wa pili ni kuburuta kasi ya miaka kumi kama kwamba haina mwisho. Kata iliyotoka watu 14,000 hadi 28,000 imekua kwa asilimia 7.2 kwa mwaka. Ukiiendeleza hivyo hadi 2042 unapata 112,000. Wataishi wapi? Hesabuni viwanja: kama kata ina nafasi ya viwanja 9,000, na kila kimoja kitabeba kaya mbili, basi 9,000 mara 2 mara 4.3 ni watu 77,400. Hiyo ndiyo dari yenu.

Baada ya takwimu, tokeni mkahesabu watumiaji. Chagueni maeneo kumi. Kaeni kila mahali siku moja ya kazi na Jumapili moja, kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi na saa 10 hadi saa 1 jioni, mkihesabu kila nusu saa: wanaume, wanawake, watoto wa kike, watoto wa kiume, wazee. Rudieni wakati wa masika. Karatasi ya saa 11 jioni ya Jumapili husomeka hivi: vijana wa kiume 46 uwanjani, wanaume 19 pembeni, wauza karanga 3, wasichana 2, nao wanapita. Bila karatasi hiyo kikao kitasema wasichana hawapendi michezo. Ukiwauliza wenyewe watataja choo, giza na lile kundi linalokaa langoni.

Mkutano wa mtaa pekee hautoshi, kwa sababu anayekuja ni mwenye muda. Kaeni na kila kundi peke yake: mama lishe, bodaboda, walimu, watu wenye ulemavu, na watoto wa darasa la tano. Swali la "mnataka nini?" huzaa orodha ya harusi: bwawa la kuogelea, ukumbi, uwanja wa nyasi bandia. Ulizeni badala yake: "Jumapili iliyopita jioni ulikuwa wapi, na ulifikaje?"

Hatua ya 4: Umbali na vipimo

Kanuni za viwango vya mipango miji za 2018 ziwe mezani wakati wote, maana ndizo zitakazotumika kupima michoro yenu. Juu yake wekeni kiwango cha umbali. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, hutumia mita 400 za kutembea kupima kama mtu ana eneo la wazi karibu naye, kama dakika tano kwa mtu mzima. Itumieni kwa bustani ndogo na mahali pa watoto kuchezea. Kwa uwanja wa mpira wa kata, mita 800 hadi kilomita moja inavumilika. Bustani kuu ya mji inaweza kuwa mwendo wa daladala, ilimradi daladala inapita.

Pimeni njia, si mstari wa rula. Duara la mita 400 kwenye ramani linaruka korongo, reli na barabara kuu kama vile mtoto wa miaka saba ana mabawa. Barabara kuu isiyo na kivuko ihesabiwe kuwa ukuta. Mkishafanya hivyo ramani ya huduma hupungua vibaya, na hapo ndipo mtagundua kwamba kivuko kimoja na daraja dogo la waenda kwa miguu vinaweza kuwapa watu bustani kwa gharama ndogo kuliko bustani mpya.

Vipimo vya kukaa kichwani: uwanja wa mpira wa miguu ni mita 105 kwa 68, na ukiweka nafasi pembeni tengeni hekta moja. Mpira wa pete ni 30.5 kwa 15.25, kikapu 28 kwa 15, wavu 18 kwa 9, vyote vikihitaji angalau mita 2 hadi 3 za kukimbilia kila upande. Viwanja vilale kaskazini na kusini. Vikilala mashariki na magharibi, kipa mmoja atacheza jioni nzima akipofushwa na jua. Kosa hili halirekebishiki zege likishamwagwa, na bado linafanyika.

Hatua ya 5: Ardhi ikikosekana

Pembezoni, ambako mashamba bado yanapimwa, kukosa ardhi ni uzembe. Maeneo ya wazi yawekwe kwanza kwenye mchoro, mahali tambarare na katikati ya makazi, ndipo viwanja vya kuuza vizunguke. Desturi ya kupakia kijani kwenye korongo na pembe zilizobaki inatimiza asilimia kwenye karatasi na haimpi mtoto pa kuchezea. Ujenzi unaweza kusubiri mwaka wa 15, ardhi haisubiri.

Kwenye makazi yaliyokwisha kujaa, ambako urasimishaji (kupima na kutoa hati kwa makazi yaliyojengwa bila mpango) unahangaika hata kupata njia ya gari la zimamoto, kutwaa ardhi maana yake ni fidia, na fidia itameza bajeti. Njia iliyo wazi zaidi ni viwanja vya shule za msingi. Vimetapakaa katika kata, na jioni hukaa kimya. Lakini makubaliano ya mdomo huvunjika kikombe cha kwanza cha maji kikiibiwa, kwa hiyo yaandikwe na kusainiwa na mkuu wa shule, kamati ya shule na mtendaji wa kata: geti linafunguliwa saa 10 na nusu na kufungwa saa 1, nani ana ufunguo, choo kipi kinatumika (kijengwe kimoja chenye mlango wa nje, cha wanafunzi kisiguswe), bili ya maji inagawanywaje, kioo kikivunjika nani analipa. Madarasa yatenganishwe na uwanja kwa uzio mwepesi. Mwalimu mkuu anayekataa huwa na sababu, na mara nyingi ni hicho choo.

Hatua ya 6: Mabonde

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka mito, maziwa na bahari. Ardhi hii inafaa sana kwa mapumziko kwa masharti. Uwanja wa nyasi ukifunikwa na maji siku mbili hupona. Choo, ukumbi, mashine na taa haviponi. Wapangaji wa Dar es Salaam hawahitaji mfano kutoka mbali, Jangwani inatosha: mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi yaliwahamisha watu hadi Mabwepande. Bondeni wekeni viwanja, njia za miguu, miti na magoli ya kuhamishika. Kila kinachohitaji ukuta au waya kiwekwe mahali pa juu. Na msijaze kifusi "kuinua kidogo", kwa sababu maji mnayoyafukuza yataingia kwa jirani.

Hatua ya 7: Matunzo yaandikwe kabla ya ujenzi

Hapa ndipo bustani nyingi hufa, kwa hiyo tuhesabu taratibu.

Nyasi kiangazi huhitaji takriban milimita 5 za maji kwa siku, yaani lita 5 kwa kila mita ya mraba. Uwanja kamili wa mpira, mita za mraba 7,140, unataka lita 35,700. Hizo ni safari tatu na nusu za boza la lita 10,000, kila siku. Hakuna halmashauri itakayofanya hivyo kwa viwanja kumi. Uamuzi wa busara ni uwanja mmoja au miwili ya mji yenye nyasi za kumwagiliwa, na vya kata viwe vya ukoka unaokauka na kurudi mvua ikinyesha, au udongo uliosawazishwa vizuri wenye mteremko mdogo wa kutoa maji.

Chukueni sasa bustani ya mita za mraba 5,000 yenye nyasi mita za mraba 2,000. Kiangazi cha siku 150 kinataka lita 10,000 kwa siku, jumla uniti 1,500 (uniti moja ni lita 1,000). Zidisheni kwa bei ya mamlaka yenu ya maji. Ongezeni watunza bustani wawili, walinzi watatu ili usiku na mapumziko vifunikwe, mhudumu wa choo, umeme, kuzoa taka, rangi na vipuri. Gawanyeni jumla kwa idadi ya watu walio ndani ya mita 400. Namba hiyo iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko la mradi, na kifungu chake kiwemo kwenye bajeti ya mapato ya ndani kabla ya mkandarasi kutafutwa. Ikionekana kubwa, punguzeni nyasi, ongezeni miti.

Kuhusu miti: miashoki inapendeza kwenye picha lakini kivuli chake ni cha fimbo. Pandeni mwarobaini, mkungu, mwembe pale ambapo mawe ya watoto hayatavunja vioo. Shimo sentimita 60 kila upande, nafasi mita 8 hadi 10, lita 20 mara mbili kwa wiki katika viangazi viwili vya mwanzo. Mche ukiachwa kiangazi cha pili kwa sababu "umeshika", hesabuni kupanda upya. Karibu na bahari pimeni chumvi ya kisima kabla ya kununua pampu. Maji ya chumvi huunguza nyasi taratibu, na lawama humwangukia mtunza bustani.

Mahali pa watoto: mchanga sentimita 30 chini ya bembea, uchambuliwe vioo kila wiki. Bati la kuteleza lisitazame magharibi. Saa 9 alasiri linachoma mapaja. Minyororo na bolti zikaguliwe kila mwezi na mtu mwenye jina, kwenye daftari.

Mapato yanawezekana, ila yawekewe mipaka. Forodhani, Zanzibar, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, ingepoteza nusu ya mvuto wake kama wauza urojo na mishikaki wangefukuzwa. Wauzaji wenu nao wapangiwe mahali, maji na pipa la taka tangu kwenye mchoro. Harusi na matamasha yasizidi siku mlizopanga kwa mwezi. Mwekezaji wa mgahawa apewe mkataba mfupi, eneo lililochorwa kwa mita, na kifungu kinachosema geti la bustani haliko chini yake. Bila kifungu hicho, baada ya miaka mitatu mtoto anaulizwa langoni ananunua nini.

Hatua ya 8: Kipaumbele, awamu, kupitisha

Ardhi isiyo kundi A haipewi alama; hairuhusiwi kushindana kabisa. Zilizobaki zipimwe kwa alama 100: watu wasio na eneo ndani ya mita 400 (45), gharama ya matunzo kwa mtu (25), idadi ya watoto na shule jirani (15), kupunguza mafuriko au joto (15). Uzito huo ubishaniwe na kufungwa kabla ya majina ya maeneo kuonekana. Diwani akishaona kata yake ni ya saba, mjadala wa uzito hauishi.

Miaka 2 ya kwanza ni ya kupima, kusajili, kupanda miti mipakani na makubaliano ya shule. Mwaka wa 3 hadi wa 5, bustani ndogo na viwanja vya kata vyenye alama za juu, kila kimoja kikiwa na choo. Wa 6 hadi wa 10, bustani kuu na mabonde. Baada ya hapo pembezoni, kwenye ardhi mliyoisajili mwaka wa kwanza.

Rasimu ipite kwa timu ya menejimenti, Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, Kamati ya Fedha, kisha Baraza, na maeneo yake yote yaingizwe kwenye Mpango Kabambe, yaani mpango mkuu wa matumizi ya ardhi ya mji. Mpango uliobaki kama kitabu cha idara utazidiwa nguvu na mchoro wowote utakaokuja.

Kila Septemba, rudini kwenye kila eneo na picha ya mwaka uliopita mkononi. Simameni palepale, piga picha uelekeo uleule, hesabuni bikoni. Ikipungua moja, mpima aende wiki hiyohiyo, mchanga na kokoto za jirani zikiwa bado hazijageuka msingi.